Rialiti za dunia sebuleni Zanzibar: ipi inastahili bando, ipi uiruke

Anayechagua rialiti (kipindi cha watu halisi, si waigizaji) ya kutizama huanza kuuliza ni ya nchi gani, au inatajwa na watu wangapi mitandaoni. Maswali hayo hayamfikishi mbali. Lenye faida ni hili: ndani ya kipindi hiki, nani anamtoa nani? Washiriki wakitoana wenyewe kwa wenyewe, utapata hila na mapatano ya chini kwa chini. Watazamaji wakiwa ndio wapiga kura, utapata watu wanaojipendekeza kwa kamera na mashabiki wanaomwaga pesa. Jaji akiwa ndiye mwamuzi, utapata ufundi, na pengine kiburi cha jaji mwenyewe. Na asipotolewa mtu, utapata maisha yanayokwenda taratibu, ambayo mmoja atayapenda na mwengine atasinzia. Tumevipima vipindi kwa kanuni hiyo, tukaongeza jambo ambalo wakaguzi wa nje hawana haja nalo: televisheni yetu mara nyingi ni moja, ipo sebuleni, na mbele yake wamekaa bibi, wajukuu, na jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

Kwa kutoana wenyewe, Survivor haijapata mpinzani. Asili yake ni Sweden, ilikorushwa mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson kutokana na wazo la Mwingereza Charlie Parsons. Marekani waliichukua 2000. Watu 16 hadi 20 hugawiwa makabila, hukaa ufukweni na mchele wa kuhesabu punje, hushindana, na kabila lililoshindwa huenda usiku barazani kumpigia kura mwenzao mmoja atoke. Ikifika katikati makabila huunganishwa na kila mtu huwa peke yake. Utamu unaanzia hapo, kwa sababu waliotolewa kuanzia hatua hiyo ndio wanaorudi kukaa jopo na kumchagua mshindi. Yaani umtoe mtu kwa hila, kisha umwombe yeye huyo huyo akupe dola milioni moja. Ndiyo maana wenye misuli huondoshwa mapema mara tu wenzao wakiwaona ni hatari, na walaghai wasio na ulimi mzuri hufika fainali wakakosa kura. Richard Hatch, mshindi wa kwanza wa Marekani, alipita kwa kura 4 dhidi ya 3, kidogo aanguke.

Anayeanza asianze na misimu mipya. Hadi msimu wa 40 mchezo wa Marekani kwa kawaida ulichukua siku 39. Kuanzia wa 41, mwaka 2021, umekuwa wa siku 26. Njaa imepungua, na pengo lake limejazwa vikorombwezo: sanamu za kinga zilizofichwa, kura zinazopotea, bahati nasibu njiani. Mtazamaji mgeni hutumia nusu ya kipindi akijaribu kukumbuka nani ana kura na nani hana. Msimu wa tatu, uliopigwa picha Kenya mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba, unafaa zaidi kujifunzia. Hakuna bahari wala samaki. Kuna boma la miiba, maji ya kuchemsha na jua. Toleo la Afrika Kusini nalo ni zuri, hasa msimu wa 2021, ambapo washiriki wanacheza kwa kasi kubwa na Kiingereza chao kinafuatika kwa sikio la huku. La Uturuki, la Acun Ilıcalı, huendelea kwa miezi, usiku kadhaa kila wiki, na sehemu kubwa ni mbio za vikwazo zinazojirudia. Waliozoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili wasidhani watakuta ladha ile ile.

The Amazing Race, mbio za jozi kuzunguka dunia, haina kura wala jaji: jozi inayofika mwisho inarudi nyumbani. Msimu wa 11 wa Marekani, uliorushwa 2007, ulipita hapa kwetu Zanzibar, na ukiutizama utaona nguvu na udhaifu wa kipindi kizima. Nguvu yake ni kasi, na mtoto wa skuli anaweza kukaa na ramani akafuata njia. Udhaifu ni kwamba kila mji unakuwa pazia la nyuma, wenyeji wakiwa wa kuulizwa njia tu. Kuna ujanja mmoja wa watayarishaji wa kuujua: timu inaweza kuongoza kwa saa sita, ikafika mlangoni ikakuta pamefungwa hadi asubuhi, na wa nyuma wote wakawakuta pale pale. Si bahati mbaya. Saa za kufunguliwa huchaguliwa makusudi ili mbio zibaki zimekaribiana, kwa hiyo usijipe presha na uongozi wa nusu ya kwanza. Wanaoamua mno matokeo ni viwanja vya ndege na madereva wa teksi. Tunaipendekeza kwa familia bila sharti.

Sasa Big Brother, ya watu waliofungiwa nyumba moja yenye kamera, yenye kanuni mbili kwa pamoja: wa ndani hutaja majina, wa nje hupiga kura. Ilianza Uholanzi tarehe 16 Septemba 1999, katika nyumba iliyojengwa mjini Almere na kampuni ya Endemol ya John de Mol. Kwa Tanzania ina historia nzito kuliko rialiti nyengine yoyote ya kigeni. Toleo la Afrika lilipoanza 2003 na washiriki 12 wa nchi 12, Cherise Makubale wa Zambia alichukua dola 100,000; Mtanzania Richard Bezuidenhout akashinda 2007, na Idris Sultan akashinda 2014 na kuondoka na dola 300,000. Ugomvi nao ulianza siku za mwanzo: mwaka 2003 Bunge la Malawi lilizuia kisirushwe, mahakama ikakirudisha.

Leo lenye nguvu ni toleo la Nigeria. Usiku wa kutolewa mtu ni Jumapili, saa 3 usiku kwa saa zetu. Kuhusu kura, watazamaji wengi wanadhani ni mtu mmoja kura moja. Kuna misimu ambayo mteja wa kifurushi kikubwa alipewa kura nyingi kuliko wa kifurushi kidogo, kwa hiyo anayebaki ndani si lazima awe kipenzi cha wengi. Huenda ni kipenzi cha wenye mifuko. Chaneli yake ya saa 24 ni nzuri kwa anayetaka kulinganisha yaliyotokea kweli na yaliyohaririwa, lakini saa nyingi ni watu wamelala, wanakula na kusengenya. Karamu za Jumamosi na kamera za bafuni zinaiondoa kabisa kwenye orodha ya sebuleni. Hiyo ni ya simu na spika za masikioni, kwa mtu mzima.

Uhariri tunaupa nafasi kubwa hapa, kwa sababu asiyeujua hugombana na watu ambao hawakusema walichosikika wakisema. Nyumba ya watu ishirini yenye kamera zisizozimwa hutoa picha za siku nzima ambazo zinabanwa kuwa saa moja. Kuna alama za kuangalia. Ya kwanza, sentensi kali inasikika lakini mdomo hauonekani: kamera iko kisogoni, au imehamia kwa anayesikiliza. Mara nyingi maneno hayo yameunganishwa kutoka vipande viwili au vitatu vya mazungumzo tofauti. Sikiliza pumzi: kama sauti inapanda ghafla katikati ya sentensi bila sababu, pana kiraka. Ya pili, uso wa mshtuko. Tizama glasi mezani, kivuli ukutani, mkunjo wa shati. Vikibadilika kati ya picha mbili, mshtuko ule uliazimwa kutoka wakati mwengine. Ya tatu ni yale mahojiano ya mtu akiwa peke yake mbele ya pazia. Hurekodiwa baada ya tukio, ila mshiriki huambiwa azungumze kana kwamba jambo linatokea sasa, na alirudie swali ndani ya jibu ili sauti ya muulizaji ikatwe. Baadhi ya vipindi humtaka avae nguo ile ile kila mara, ili jibu la wiki ya pili liweze kupachikwa wiki ya tano. Ukishayajua haya, hutamtukana mtu kwa kuangua kicheko ambacho pengine kilikuwa cha mzaha mwengine.

Matusi hayo yana uzito. Terrace House ya Japani ilikuwa ya upole kuliko zote: wanaume watatu na wanawake watatu, nyumba na gari, hakuna zawadi, hakuna anayetolewa, na jopo la wachekeshaji wanaotoa maoni pembeni. Ilianza 2012. Mei 2020 mshiriki wake Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22, alijiua baada ya kushambuliwa mitandaoni kwa ugomvi mmoja ulioonyeshwa kwenye kipindi. Kipindi kikafutwa, na mwaka 2022 Japani ikakaza sheria ya matusi, adhabu ikafika kifungo cha mwaka mmoja. Love Island ya Uingereza, ya kutafutana wapenzi, nayo ilipoteza washiriki wake wawili wa zamani, mmoja 2018 na mwengine 2019, ndipo utaratibu wa ushauri nasaha ukaimarishwa. Tangu 2023 akaunti za mitandaoni za washiriki huachwa kimya wanapokuwa ndani. Kwa ukaguzi wa sebuleni, Love Island haihitaji maelezo: nguo za kuogelea, vitanda kwenye chumba kimoja, na hurushwa saa 5 usiku kwa saa zetu. Iruke.

Upande wa majaji kuna mengi ya kula. The Great British Bake Off, rialiti ya kuoka ndani ya hema, iliyoanza BBC mwaka 2010 na kuhamia Channel 4 mwaka 2017, ndiyo tunayoipa alama ya juu kuliko zote kwa nyumba ya Kizanzibari. Mshindi hapati hata senti: hupewa sahani ya keki na maua. Pesa haipo, fitina imekosa chakula. Kila wiki kuna mitihani mitatu: wa kwanza wa mapishi ya mtu mwenyewe, wa pili wa kushtukiza, wa tatu wa keki ya kuonyesha ufundi. Wa pili ndio wa kufundishia. Washiriki hupewa vipimo lakini hatua zimenyofolewa. Karatasi inaweza kusema tu "tayarisha unga, oka". Ni sawa na kumpa mtu mchele, nazi, hamira, hiliki na sukari ukamwambia apike mkate wa kumimina, bila kumwambia uumuke kiasi gani wala moto uwe juu au chini. Anayejua kwa nini kila kitu kinafanywa hupita, aliyekariri huanguka.

Anayetaka kuyapika aliyoyaona ajue wapi yatamharibikia huku. "Siagi ya joto la chumba" kwao ni nyuzi 20 hivi. Kwa chumba cha Mji Mkongwe chenye nyuzi 30, siagi hiyo ni mafuta, haitashika hewa ukiipiga na sukari, na keki itatoka nzito. Itoe frijini dakika 10 tu, iwe inabonyea kwa kidole bila kung'aa. Vikeki vya ute wa yai na sukari vitanyonya unyevu na kunata kabla ya magharibi. Vifungie kwenye chupa kavu vikishapoa. Jelatini nyingi ya madukani Ulaya hutokana na nguruwe, basi badala yake tumia agar-agar: kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwa mililita 250 za maji au maziwa. Lazima ichemke dakika mbili au tatu. Ukiitia kwenye maji ya moto tu haitaganda. Faida yake ni kwamba haiyeyuki mezani kwa joto letu kama jelatini. Na ukiona chokoleti ya mshiriki inatiririka hemani, ujue ni siku ya joto la Kiingereza, ambalo kwetu tungejifunika shuka.

MasterChef ni kali zaidi, na toleo la Australia lililoanza 2009 ndilo bora kwa sababu majaji hufundisha. Usishangae chakula kikionjwa baada ya muda mrefu kikiwa kimepoa. Majaji hupita na kuonja wakati wa kupika, na lile onjo la mbele ni la picha.

Kwenye kuimba, Bongo Star Search ya Madam Rita bado ndiyo kipimo cha Tanzania. Walter Chilambo alishinda 2012 na Kayumba 2015. Tatizo la aina hii yote, kuanzia Pop Idol ya Uingereza ya 2001, ni usaili. Anayeimba vibaya mbele ya majaji hakufika pale kwa bahati. Katika vipindi vikubwa vya namna hii, watu hupitia kwanza kwa watayarishaji, ambao huwapitisha wazuri sana na wabaya sana, na wa katikati hurudishwa nyumbani. Vicheko vya wiki za mwanzo vimepangwa. Ruka hadi wiki za jukwaani. Katika ukoo wa Got Talent, watafute Ramadhani Brothers wa Tanzania, walioshinda America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024 kwa sarakasi ya mizani, kichwa juu ya kichwa. Hapo hakuna kiraka cha uhariri kinachoweza kusaidia.

Maisha Plus ilistahili kuishi muda mrefu zaidi. Ilianza 2009 chini ya Masoud Kipanya: vijana kijijini, wanajenga, wanachota maji, wanapika kwa kuni. Baadaye ikaungana na Mama Shujaa wa Chakula, shindano la wanawake wakulima lililoendeshwa na Oxfam. Ni rialiti adimu ambayo mkulima wa Micheweni angeweza kumkosoa mshiriki kwa jembe, akawa sahihi.

Lakini nyengine zinazowafaa sana watu wa visiwa hivi hazitajwi sana, nazo zinatoka Uarabuni na Malaysia. Million's Poet ya Abu Dhabi, iliyoanza 2006, huwapambanisha washairi mbele ya jopo, kura za watazamaji zikiongezwa, na mshindi huchukua dirhamu milioni 5 na bendera. Mwaka 2010 mwanamke wa Kisaudi, Hissa Hilal, alifika nafasi ya tatu kwa shairi la kuwakosoa mashekhe wenye fatwa kali, na akapokea vitisho kwa hilo. Angalizo: ushairi wake ni wa Kinabati, lahaja ya jangwani. Aliyesoma Kiarabu madrasa atashika neno moja moja. Huyo aende kwa Prince of Poets, kipindi ndugu chake, ambacho ni cha fus'ha (Kiarabu sanifu) tupu. Mshindi wake huvishwa joho na pete. Haielekei akilini kwamba Pemba ya Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa beti watu wakazihifadhi hadi leo, haina jukwaa kama hilo la televisheni kwa Kiswahili. Gharama yake ni viti, maikrofoni na majaji watatu wanaojua mizani na vina.

Imam Muda ya Malaysia ilianza 2010 na vijana kumi. Mtihani wa mwanzo ulikuwa kuosha na kuzika maiti wasio na jamaa. Hapakuwa na kura ya simu. Mwamuzi alikuwa imamu mkuu mstaafu wa msikiti wa taifa. Zawadi: kazi ya uimamu, nafasi ya masomo, safari ya hija, gari. Kutoka Saudia kuna Otr Elkalam ya mwezi wa Ramadhani, mashindano ya kusoma Qur'ani na kuadhini. 2023 Younis Shahmoradi wa Iran alishinda usomaji na riyali milioni 3. Baada ya tarawehe hakuna kinachoipita. Majaji huchambua maqamu (mahadhi ya usomaji) na pumzi kwa undani, na hata asiyejua Kiarabu cha mazungumzo anafaidika.

Kwa wapenda utulivu wako Wanorwe. Shirika lao la NRK mwaka 2009 lilirusha safari ya treni ya Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba bila kukatwa, na 2011 likarusha meli ya Hurtigruten kwa saa 134 mfululizo. Inafaa kuachwa ikienda huku watu wanapiga soga. Tungelipa kuiona meli ya Malindi hadi Mkoani namna hiyo, kuku wa abiria wakisikika.

Kuhusu chombo cha kutizamia. Dishi dogo hupoteza picha kwenye mvua kubwa kwa sababu matone hunyonya mawimbi yake. Hakuna fundi wa kuliondoa hilo, isipokuwa kulilenga sawa sawa ili lipotee kwa muda mfupi. Masika, usitegemee fainali ya moja kwa moja. Adui mwengine ni chumvi: nyumba za karibu na bahari, kichwa cha koni (kile kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) na viungio vya waya hushika kutu, na picha huanza kuganda hata jua likiwaka. Kabla ya kununua king'amuzi kipya, fungua kiungio cha waya nyuma ya koni, kata sentimita mbili zilizopata rangi ya kijani, funga upya, zungushia mpira wa kuzuia maji. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kwa bando, hesabu ni hii. Msimu wa sehemu 13 za dakika 43 ni saa 9 na dakika 19. Kwenye Netflix, ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, kwa hiyo GB 9 hadi 10. Ubora wa juu hufika GB 3 kwa saa, na msimu mmoja ukakumalizia GB 28. Kwenye simu, chagua mpangilio wa kuokoa data, ambapo GB 1 hufika saa sita hivi, na msimu wote utatosha kwenye GB moja na nusu. Kwa skrini ya simu hutaona tofauti ya maana, ila maandishi madogo ya kwenye kura za Survivor yatakusumbua. Orodha ya vipindi hutofautiana kwa nchi, kwa hiyo tafuta jina la kipindi kwanza ndipo ulipie mwezi. Ukipakua Unguja kwa ajili ya kutizama Wete, ujue vipindi vyengine hufutika baada ya siku 7, na vyengine saa 48 tangu ulipobonyeza kuvianza. Fungua programu mara moja ukiwa bado na mtandao kabla ya kupanda boti, uangalie tarehe iliyoandikwa chini ya kila sehemu.